Sawa ya Fundi

MUUGUZI: Haloo? Hapo ni kwa fundi cherehani?

MKE: Haloo! Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, simu yenyewe inakoroma.

MUUGUZI: Ni muuguzi, mama, kutoka kliniki ya kiharusi. Shikamoo.

MKE: Marahaba, sista. Ngoja nitue sufuria... [mlio wa mfuniko] Haya. Mbona sauti si ya yule wa siku zote?

MUUGUZI: Yule kahamishwa, mimi ni mgeni. Hamjambo huko?

MKE: Hatujambo, tunashukuru.

MUUGUZI: Na mgonjwa wetu?

MKE: Hajambo sana! Yuko hapa dirishani kwenye kiti chake, anatazama viatu vya wapita njia.

MUUGUZI: Vizuri. Nimepiga kwa yale maswali yetu, jinsi maisha yake yanavyokwenda tangu—

MKE: Tangu kiharusi kimpige. Nayajua. Andika tisini.

MUUGUZI: Tisini ya nini, mama?

MKE: Si mwisho mnauliza, sifuri mpaka mia, leo hali yake iko wapi? Mara ya mwisho nilisema themanini na tano. Sasa kapanda.

MUUGUZI: [anacheka] Taratibu, mama, hata hatujaanza.

MKE: Mume wangu hajawahi kufeli, mwanangu. Kusoma hakusoma sana, lakini uliza suti za maharusi wote wa mtaa huu—

MUUGUZI: Mama, huu si mtihani.

MKE: Si mnatoa alama?

MUUGUZI: Tunatoa, lakini... sikiliza. Kwa alama hizo mlizokuwa mnatupa, wamemhesabu kuwa amepona. Kuanzia wiki ijayo hatakuja tena mazoezini. Nafasi yake anapewa mwingine.

MKE: [mlio wa mfuniko ukianguka]

MUUGUZI: Mama? Umenisikia?

MKE: Mazoezi yapi? Ya mkono au ya ulimi?

MUUGUZI: Yote.

MKE: Uwii! Mimi nilijua asiyepata alama ndiye mnayemfukuza. Mtasema huyu hafundishiki, kakae nyumbani. Nikawa nambeba.

MUUGUZI: Kwa hiyo ulikuwa unajibu wewe?

MKE: Namwekea simu mdomoni, anasema mwenyewe. Penye mapengo ndipo naziba.

MUUGUZI: Basi leo usizibe. Nikipata majibu yake mwenyewe sasa hivi, naweza kumrudisha. Lakini yawe yake, si yako. Mpe simu.

MKE: Haya. Baba watoto, ni kliniki. Jibu vizuri. Yaani... jibu vibaya! Ah, jibu ukweli. [mkwaruzo] Haya, sista, nimeiweka spika, sote tunakusikia.

MUUGUZI: Shikamoo, Fundi.

FUNDI: Sawa.

MUUGUZI: Una maumivu yoyote leo?

FUNDI: Sawa.

MUUGUZI: Shati unavaa mwenyewe?

FUNDI: Sawa.

MUUGUZI: Usiku unalala vizuri, au unakesha?

FUNDI: Sawa, sawa.

MUUGUZI: Ipi sawa, mzee? Kulala au kukesha?

FUNDI: Sawa!

MUUGUZI: Fundi, mkeo anaitwa nani?

FUNDI: Sa... sawa.

MKE: [anacheka] Haya, leo nimepata jina jipya!

MUUGUZI: Mama.

MKE: Abee.

MUUGUZI: Ana neno lingine?

MKE: ...Hana. Limebaki hilo tu. Akitaka maji, sawa. Akichomwa na chai, sawa. Nikimuuliza umeamkaje, ananiambia sawa, na mimi naendelea na kazi zangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

MUUGUZI: Na kichwa? Hawezi kutikisa akikataa?

MKE: Kichwa nacho kinakubali kila kitu. Mkono wa kulia ndio huo, umelala mapajani kama wa kuazima. Ile suruali ya mwalimu, mteja wake, bado iko kwenye cherehani, imeshonwa mguu mmoja. Nikitaka kuiondoa anafoka.

MUUGUZI: Anafokaje?

MKE: Kwa sawa hiyohiyo! Na kwa huo mkono wa kushoto anagonga kiti mpaka niirudishe.

MUUGUZI: Anagonga? Kwa nini hukuniambia?

MKE: Si kelele tu? Kavaa kastabini yake, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano kidoleni. Halali mpaka—

MUUGUZI: Fundi! Nisikilize. Gonga mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Tujaribu. Wewe ni mwanamke?

[Ko-ko.]

MKE: Heee! Afadhali umemuuliza wewe!

MUUGUZI: Umelala vizuri usiku?

[Ko-ko.]

MKE: Hakulala? Mbona mimi—

MUUGUZI: Mama, tafadhali. Fundi, unaumwa sasa hivi?

[Ko.]

MUUGUZI: Mkono?

[Ko-ko.]

MUUGUZI: Bega?

[Ko.]

MKE: Bega! Na mimi kila asubuhi namvuta kwa bega hilohilo nimnyanyue. Mume wangu, si ungesema... Ah. Jamani.

FUNDI: Sawa.

MKE: Usiniambie sawa! Nyamaza tu.

MUUGUZI: Mama, simu isogee karibu naye. Fundi, hili linalofuata ni zito kidogo. Huwa unajiona umekuwa mzigo kwa walio nyumbani?

[Simu inakwaruza.]

MUUGUZI: Haloo? Mtandao umekatika?

MKE: Upo. Ananitazama.

MUUGUZI: Ukitaka, toka nje kidogo.

MKE: Nitoke niende wapi? Chumba ni hiki. Nikienda sokoni nafunga mlango kwa nje na ufunguo ninao mimi, na huko sokoni nusu ya akili nimeiacha hapa. Mwache ajibu. Baba watoto, gonga. Mimi natazama ukuta.

[Ko.]

MUUGUZI: Nimesikia. Asante, Fundi. Mazoezi bado unayataka?

[Ko. Ko. Ko. Ko.]

MKE: Sista, usihesabu hapana hapo! Anagonga ndiyo mfululizo, uso wote umewaka!

MUUGUZI: Nimeelewa, mama. [anacheka, anakohoa] La mwisho. Maisha yako leo, sifuri hadi mia. Gonga mara moja kwa kila kumi.

[Ko.]

[Ko.]

MKE: Endelea. Endelea, mume wangu, anakusikiliza... Kidole kiko juu, sista, ngoja. Ngoja tu...

[Kimya.]

MKE: Kaushusha mkono. Kauweka mapajani.

MUUGUZI: Ishirini.

MKE: Ishirini. Na mimi nilikuwa nasema tisini, amekaa hapo hapo ananisikia.

FUNDI: Sawa. Sawa, sawa.

MKE: Najua. Najua, baba.

MUUGUZI: Mama, nafasi yake anayo. Jumatatu asubuhi mlete, na hiyo kastabini asiivue. Lile bega usilivute tena, mshike chini ya—

MKE: Sikusikii vizuri, simu inalia chaji.

MUUGUZI: Mshike kiunoni! Kiunoni, si begani!

MKE: Kiunoni. Haya, Mungu akubariki, sista, inazima hii—

MUUGUZI: Subiri! Wewe je, mama? Hakuna swali lako hapa, nakuuliza mimi tu. Wewe hali yako ikoje?

MKE: Mimi?

MUUGUZI: Wewe.

MKE: Mimi sawa.

MUUGUZI: Mama... Haloo? Haloo?