Kiti Kando ya Kitanda

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1984, akiwa kifungua mimba wa baba yetu, mwinjilisti mstaafu, na marehemu mama yetu. Alikulia katika nyumba iliyo nyuma ya kanisa. Siku moja, akiwa na miaka sita, baba alipomaliza kuombea chakula, kaka aliuliza, "Baba, huyu tunayemshukuru kila siku, mbona hajibu?" Mama alicheka hadi machozi. Baba hakucheka. Tangu hapo tukamwita Mbona, na jina likamganda.

Alihitimu shahada ya kwanza ya theolojia mwaka 2008, kisha akafundisha somo la dini sekondari kwa miaka kumi na mitatu. Wanafunzi walimpenda kwa kuwa hakuwahi kumwadhibu mtu kwa sababu ya swali. Mwaka 2012 alifunga ndoa na wifi yetu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2021 alirudi chuoni kusomea shahada ya uzamili. Tasnifu yake ilihusu ukimya wa Mungu mbele ya mtu anayekufa. Wifi alimwambia, "Mada zimejaa tele, baba watoto, wewe ukaona hiyo tu?" Alicheka, akaenda zake wodini.

Kwa ajili ya utafiti huo, hospitali ilimruhusu kukaa na wagonjwa wale tu ambao madaktari walikuwa wameishiwa la kuwafanyia. Naye akajiwekea sharti lake: hahubiri, haombi kwa sauti, anasikiliza. Alibeba kiti chake mwenyewe cha kukunja. Hakuna aliyefikiria kwamba wagonjwa nao wana macho. Haikuchukua muda wakajua kuwa akikikunjua kiti kando ya kitanda chako, habari yako imekwisha. Wakambatiza Bwana Kiti. Muuguzi wa wodi alitusimulia kwamba kaka akiingia, mazungumzo yalikatika, na kuna mzee alimwomba, "Mwanangu, leo nipitilize." Kaka alimpitiliza. Jioni hiyo hakugusa chakula.

Baba alimkanya. "Mgonjwa anaombewa, hatazamwi. Una swali lako, sawa, lakini usiende kuliulizia vitandani mwa watu."

"Wanaouliza ni wao, baba. Mimi nawasindikiza tu."

Baada ya siku hiyo walisalimiana kama majirani, na jambo hilo lilituuma sana sisi tuliowapenda wote wawili.

Januari 2024 kaka alianza kulalamikia tumbo. Ilikuwa saratani ya ini. Alilazwa katika wodi ileile, na wagonjwa waliomfahamu wakageuzia nyuso zao ukutani. Sura ya mwisho ya tasnifu ilikuwa bado haijaandikwa. Nilipomuuliza itasema nini, alijibu, "Dada, nipo ndani yake."

Asubuhi ya tarehe 9 Agosti baba alifika. Alikuta kiti kimeegemezwa ukutani, akakikunjua, akakaa. Tulijua ataomba, maana baba yetu huomba mpaka chai ipoe. Hakusema kitu. Kaka akafumbua macho.

"Baba, leo umenyamaza wewe?"

"Maneno yameniishia, mwanangu."

"Basi kaa. Usiondoke."

Baba hakuondoka. Alimshika mkono mpaka alasiri, kaka alipokata roho. Muuguzi alipotaka kukikunja kile kiti, baba alikizuia, akaja nacho nyumbani amekipakata.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mimi dada yake, na baba yetu, ambaye hajaomba kwa sauti tangu siku ile. Jana aliagiza kiti kile kiwekwe kando ya kitanda chake mwenyewe. Tumemwambia bado tunakitafuta, ingawa sote tunakiona pale mlangoni, na yeye anakiona pia.

Kaka yetu Mbona, pumzika kwa amani. Na huko ulikokwenda, ujibiwe.