Meza Ndefu ya Fundi Wima

Karibuni, wasikilizaji wapendwa, katika saa yetu ya kuwakumbuka waliotangulia. Leo tunamkumbuka fundi cherehani ambaye mtaani walimwita Fundi Wima. Alishona akiwa amesimama, miaka kumi na tisa. Amefariki Jumanne, kwa kiharusi.

Wengi walidhani ni maringo. Wifi yake alimtania kwamba anaogopa akikaa ataota mizizi. Fundi alicheka, akaendelea kuzungusha gurudumu la cherehani chake cha mkono, ameinama juu ya meza fupi.

Hayakuwa maringo, wasikilizaji wapendwa. Alikuwa na maumivu ya uke. Tunayataja waziwazi kwa sababu mwenyewe aliagiza hivyo. Pale mlangoni pa uke palichoma kama pilipili kwenye kidonda, na kidonda hakikuwepo. Kukaa kuliuma. Tendo la ndoa liliuma zaidi. Hospitali ya kwanza walimwambia apunguze mawazo. Ya pili walisema akizaa atapona. Alizaa. Hakupona. Akanyamaza, akawa mtu wa kutafuta visingizio.

Mumewe ni seremala. Aliona anakataliwa, naye akanyamaza. Akamchongea mkewe kiti kizuri, chenye mgongo wa kuegemea na mto mwekundu. Miezi mitatu kiti kile kilibeba vitambaa vya wateja tu. Siku moja seremala alikikuta hivyo, uvumilivu ukamwishia.

"Kitanda changu hukitaki," alisema. "Hata kiti?"

Mkewe aliweka mkasi chini. "Mume wangu, sikukatai wewe. Panauma. Tangu siku ya kwanza panauma."

Seremala anatuambia alikaa kwenye kile kiti, juu ya vitambaa vya watu. Miaka saba alikuwa akimnunia mgonjwa. Kesho yake alikata miguu ya kile kiti, akaiunga kwenye meza ya cherehani ili mkewe asimame bila kuinama.

Kliniki walikwenda wawili. Muuguzi mmoja aliwaambia maumivu hayo yapo, yana matibabu, na Fundi si wa kwanza kuyapata. Dawa na mazoezi viliyapunguza. Havikuyamaliza. Siku nzuri walikuwa mume na mke. Siku mbaya walishikana mikono tu, wakapiga soga. "Zamani tulikuwa hatuongei," anasema seremala, "tulikuwa tunaulizana chumvi."

Mdogo wake marehemu anakumbuka jambo moja. Dada akiona mteja anakalia upande mmoja, anafunga mlango wa duka, anamuuliza taratibu: "Mwenzangu, na wewe panauma?"

Juzi msibani walikuja wanawake ambao familia haiwajui. Viti vilitosha. Wanne kati yao walisimama mpaka mwisho, na wifi mtu ndiye aliyekwenda kusimama nao.

Poleni sana seremala, watoto na mdogo wa marehemu. Nasi tuliobaki, kabla ya kununa, tuulize. Na tukijibiwa kwamba panauma, tuamini.

Meza bado ipo dukani, miguu yake ya rangi mbili.