Balozi wa Benchi la Josiane

Pale Stafford, kando ya Houston, nje ya duka la Josiane, Mkongo auzaye pondu, yaani kisamvu, na mihogo, kuna benchi ambalo kila Jumamosi asubuhi huendesha dunia. Wilbroad, Mtanzania aliyebandikwa jina la Itifaki kwa kushereheshea harusi, siku hiyo alikuja na chupa ya kahawa ya tangawizi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ilikuwa ya Balozi, mzee wa Kiitaliano aliyetumikia Dar miaka sita na Kiswahili kikamganda. Wiki tatu nyuma Wilbroad alimtania, "Nyie mabalozi kazi yenu kula na kudanganya," mzee akavaa kofia akaondoka, kikombe kikiwa nusu. Tangu hapo hajaonekana, na Wilbroad hana raha.

— Amerudishwa job, alisema Njoroge, Mkenya anayeitwa Sirkal kwa kujua siri za serikali zote. Buda, hao hawa-retire. Huyo ni spy. Mogadishu, Dar, Lusaka, halafu Houston? Hiyo si kazi, hiyo ni ramani!

— Alibaki hapa kwa sababu mkewe amezikwa hapa jirani, mji wa Katy, alisema Wilbroad.

— Hiyo ndiyo cover! Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Apana, alidakia Josiane akigawa vikombe. Ule muzee ni prince. Hamuone vile anakulaka sambusa? Na kitambaa! Alikimbia couronne, taji ya kwao, vraiment.

— Prince gani anaosha vikombe? aliuliza Njoroge.

— Prince mwenye adabu.

Njoroge akasogea karibu.

— Sikizeni. Kuna nchi mbili zilitaka kupigana. Mzee akaziita zote, akazipikia tambi. Wakagombania sosi mpaka wakasahau vita.

— Nani kakwambia?

— Haba na haba hujaza kibaba.

Wilbroad alicheka, kisha akaipakata chupa yake.

— Mimi nataka nimwombe radhi tu, jamani. Nilimkosea mzee wa watu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka dukani na unga begani akasimama. Alivaa sare ya unesi, na hawajawahi kumwona.

— Samahani wazee, naitwa Kerubo. Mtu wa hiyo age akipotea hivyo, huenda amelazwa. Si mpige simu hospitali?

Benchi zima likainuka. Aibu iliyoje, wiki tatu wamekaa kubuni vita na falme! Njoroge alishatoa simu, alishapiga, alishaweka spika.

— Anaitwa nani? aliuliza Kerubo.

Njoroge alimtazama Josiane. Josiane alimtazama Wilbroad.

— Balozi, alisema Wilbroad.

— Jina lake, baba.

Wilbroad alikumbuka jinsi mzee alivyoanza kila Jumamosi: anapita benchi zima, anampa kila mtu mkono, anamtaja kwa jina lake na la baba yake. "Wilbroad wa mzee Sospeter, umeamkaje?" Siku moja Wilbroad alimkatisha: "Itifaki imezingatiwa, mzee, kaa unywe kahawa." Mzee akasema hapana, miaka arobaini kazi yake ilikuwa hiyo tu, kujua watu kwa majina yao, na mengine yote yalifuata.

Simu ikapokewa. Sauti ya dada wa mapokezi, yenye upole, ikauliza jina la mgonjwa. Ikauliza tena. Wilbroad alikuwa bado ameshika chupa, na kahawa ilikuwa bado ya moto.