Ini la Mdogo Wangu Kwenye Barafu

Wewe unayenisikiliza, uliyekaa mbele na wewe uliyesimama mlangoni, sifa zote kwa Bwana! Mimi ni Nyamizi, muuza sangara wa Igoma. Leo nasimama na tumbo langu mwenyewe, si lile la maji mlilolizoea!

Ndugu zangu, mnakumbuka nilivyokuwa. Macho ya njano, miguu imevimba, tumbo kama la mjamzito wa mapacha. Pale sokoni Mwaloni wateja walikuwa wananipongeza! Kumbe virusi vya homa ya ini vilinila kimyakimya miaka mingi, mpaka ini likasinyaa. Siku niliyotapika damu, madaktari wakasema bila kuwekewa ini jingine sifiki mbali.

Mdogo wangu Masanja, fundi wa kuchomelea kule Misungwi, akasema, "Wakate langu." Vipimo vikakubali. Ninyi mkatuombea, mkatusafirisha hadi India. Mungu awakumbuke!

Sasa sikieni ujinga wangu. Siku ya kutia sahihi, daktari akatueleza kupitia mkalimani kwamba kipande cha ini la Masanja kitawekwa kwenye barafu wakati wanamalizia kulitoa langu. Niliposikia barafu, nikaweka kalamu chini. Ndugu zangu, sangara nawajua! Ukimtoa kwenye friza akayeyuka, ini lake ni uji. Nikasema, "Siwezi kumpasua mdogo wangu ili nipewe uji."

Nikalia. Nikasali, Bwana, nionyeshe. Masanja akaniangalia, kisha akaanza kucheka.

"Dada, kwani samaki wako wa kwenye kasha la barafu ya kuponda huwa wanaganda?"

"Hawagandi. Wanabaki wabichi."

"Sasa hiyo friza umeitoa wapi? Au miaka yote umetuuzia uji?"

Haleluya! Mkalimani alipotafsiri, daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akavuta kiti, akanieleza taratibu. Ini haligandishwi. Maji yaliyo ndani ya nyama yakigeuka barafu huichana nyama. Ndiyo maana ya ule uji. Ini linapoozwa tu. Wanapitisha maji maalumu ya baridi kwenye mishipa yake mpaka damu yote itoke, wanalitia kwenye mfuko safi, na barafu inakaa nje ya mfuko. Likipoa, linahitaji hewa na chakula kidogo sana, kama mtu aliyelala. Ila haliwezi kulala hivyo siku nyingi, kwa hiyo wanaenda na saa.

Nikauliza, je, likitoka mbali, kwa marehemu? Akasema siku hizi zipo mashine zinazolisukumia ini damu yenye joto. Linaendelea kufanya kazi nje ya mwili, linatoa hata nyongo, na madaktari wanaona kama ni zima kabla ya kumpa mgonjwa. Nje ya mwili, ndugu zangu! "Lako," akasema, "linatoka chumba cha pili. Barafu inatosha."

Nikatia sahihi. Hofu ilinitoka palepale! Bwana alinijibu kwa kasha langu mwenyewe la samaki, nililolifungua kila asubuhi bila kujua ananifundisha.

Nilipozinduka nikauliza, "Masanja?" Wakaniambia yuko salama, anaulizia ugali na sato. Leo ini lake limekua tena, na langu linafanya kazi. Nameza dawa kila siku, naenda kliniki, na macho yangu, njooni mtazame, ni meupe! Asante, Yesu! Asante, Masanja, simama watu wakuone!

Ndugu yangu, labda unaogopa jambo usilolielewa. Mwamini Mungu, na umuulize daktari mpaka uelewe; hatachoka. Mimi ningejua mapema nisingefika huko. Basi kesho asubuhi nenda kituo cha afya, uombe kipimo cha homa ya ini. Ukikutwa nayo, anza kliniki siku hiyohiyo. Ukikutwa huna, uliza chanjo kabla hujatoka.