Fomu Kumi na Mbili Zinasema Iko Sawa

Benchi la fundi viatu lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali, na tangu liwekwe halijamwangusha mtu ila kwa ulimi wake. Hapo huletwa gazeti moja tu kwa siku. Redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu akiwashwa hazimiki, hulisoma kwa sauti. Wengine hutikisa vichwa. Likikunjwa, kila mmoja hujiendea zake akiapa kwamba amelisoma. Hakuna aliyeuona ubaya wa utaratibu huo mpaka leo, saa nne na nusu asubuhi, Katibu alipofika na bahasha ya kaki kwapani, akitembea kama mtu anayekwenda kuvunja mlango, akakataa kahawa.

Katibu alikuwa karani wa masjala miaka thelathini na mmoja. Amestaafu yeye; masjala haijastaafu. Akatoa karatasi kumi na mbili, akazibwaga benchini.

— Someni!

— Za nini tena hizi? aliuliza Fundi, misumari kaibana midomoni.

— Zenu! Sahihi zenu! “Nimeijaribu programu, iko sawa.” Kumi na mbili, zote iko sawa!

Mambo yalianza mwezi uliopita. Binti wa Katibu, muuguzi wa zahanati, alimweleza baba yake kwamba inakuja programu huria ya kuandikisha wagonjwa: imeundwa na watu wanaojitolea, ikaachwa wazi, anayetaka aitumie na anayejua airekebishe. Lakini kabla ya toleo kamili, waundaji waliomba watu wa kuijaribu, waitese, waseme inapoumia. Katibu akaorodhesha watu kumi na wawili wa kijiweni, naye mwenyewe akiwemo, akawatungia fomu ya visanduku kumi na saba, kimojawapo kikiuliza “sababu ya kutokuwa na sababu”. Fomu zote zilirudi kabla ya tarehe. Jambo hilo halikuwahi kumtokea katika maisha yake yote ya ofisi, na lilipaswa kumtisha.

— Leo alfajiri, alisema Katibu, wamefika akina mama arobaini na mmoja. Mwanangu kawaandika kwenye kompyuta, wa kwanza mpaka wa mwisho. Kila jina akibonyeza Hifadhi, skrini inamwambia asante. Saa tatu daktari anafungua orodha, tupu! Nyeupe kama kiganja! Foleni ikaanza upya, wajawazito wameketi sakafuni. Sasa mwanangu kapewa barua. Ajieleze kwa maandishi kabla ya saa sita mchana, kwa nini asiondolewe kazini. Maana yeye ndiye aliyewaambia wakubwa zake, “Msihofu, baba yangu ana wapimaji kumi na wawili.”

Breki, dereva wa lori mstaafu, akakohoa.

— Pole, mzee mwenzangu. Ila wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Pengine binti anabonyeza kwa haraka.

— Usimguse mwanangu, Breki!

— Simgusi. Namtetea.

— Tatizo si kubonyeza, alidakia Redio. Tatizo ni hiyo huria yenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe hutangatanga. Majina hayajapotea, yamewaendea wale walioiunda. Wako wengi, kila mmoja kajichukulia matano. Ndiyo ule usemi, penye wengi hapaharibiki neno.

— Neno haliharibiki, Redio, linaliwa! alifoka Katibu.

Shangazi Birika, muuza kahawa, akamimina kikombe cha Breki bila kuombwa.

— Mie nasema ni jua. Ile kompyuta imewekwa dirishani. Maandishi yakipigwa na jua yanaondoka, kama ya risiti.

— Hapo umegusa! alisema Breki. Lori langu la mwisho lilikuwa na saa ya kuhesabu mwendo. Kila nikivuka daraja, inarudi sifuri. Sasa chini ya zahanati kuna bomba kubwa la maji. Maji na umeme ni wake wenza, bwana. Hawakai nyumba moja kitu kisivunjike.

— Bomba ni jambo dogo, alisema Redio, akishusha sauti ili asikike vizuri zaidi. Kuna chombo huko angani, kinafyonza majina ya wajawazito tu. Wanataka wajue mapema, miaka ishirini ijayo, nani atakuwa mkaidi.

— Wanataka akina nani?

— Wao.

— Ndiyo maana juzi mbwa wa jirani alikuwa anabweka kuelekea juu, alisema Fundi kwa uzito.

Katibu akalirudia rundo la fomu. Akachomoa karatasi moja, akaishika mbali na macho kama wasomavyo hukumu.

— Fomu namba nne, Breki. Kisanduku cha tisa: “Umebonyeza Hifadhi mara ngapi?” Jibu: “Za kutosha.” Fomu namba saba, Fundi: “Za kutosha.” Shangazi: “Za kutosha.” Na mwandiko ni mmoja! Wa nani huu?

— Wangu, alisema Redio. Waliniomba niwajazie.

— Kwa nini?

— Simu ilikuwa yangu. Zao zimejaa picha za harusi, programu haiingii. Nikaiweka kwenye yangu, nikakaa hapa katikati, nikawasomea yote yaliyoandikwa. Jina. Umri. Mtaa. Hifadhi. Wote wakatikisa vichwa.

— Mimi nilitikisa kabisa, alisema Breki. Iliniingia.

— Mliisoma? Programu mliisoma kama gazeti?

— Na ilisomeka vizuri, alisema Shangazi Birika. Haina kosa la herufi hata moja.

— Nilitaka watesaji! Katibu alipiga benchi, tofali likayumba. Watesaji! Nyinyi mkanipa waumini!

Maneno hayo yalimkuta mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa akiingia kibandani kwa kuchechemea, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi kikiwa kimekatika mkanda.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Fundi, akifurahi kupata pa kuelekeza macho.

Akashona mkanda huku ugomvi ukiendelea juu ya kichwa chake. Alipomaliza akamrudishia mwenyewe kiatu.

— Vaa, mama. Nenda mpaka ule mlingoti, urudi. Kiatu hakitoki hapa bila kutembezwa.

Mwanamke akaenda, akarudi, akikanyaga kwa nguvu. Kisha akasimama mbele ya benchi.

— Shikamooni, wazee wangu. Mimi ni mmoja wa wale arobaini na mmoja. Mkanda umekatikia kwenye foleni ya pili. Nina swali tu. Katika nyinyi kumi na wawili, nani aliyebonyeza?

Macho yote yakamgeukia Redio.

— Mimi nilikuwa nasoma.

— Sisi tulikuwa tunasikiliza, alisema Breki.

Shangazi Birika akafunua birika, akachungulia ndani kana kwamba jibu liko chini ya machicha. Kisha, mmoja mmoja, wakamgeukia Katibu. Naye akaitazama fomu namba moja juu ya rundo. Sahihi yake, nzuri kuliko zote. Mhuri wake, kwa wino wa zambarau. Kisanduku cha tisa, kwa mwandiko wake mwenyewe: “Kama ilivyoripotiwa na wajumbe.”

— Lete hiyo simu, alimwambia Redio. Jina lako nani, mwanangu?

Mwanamke akamtajia. Katibu akaliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akabonyeza Hifadhi. Skrini ikasema asante. Akafungua orodha. Hapakuwa na mtu.

Akamrudishia Redio simu yake. Halafu akaigeuza ile fomu namba moja upande mweupe, akatoa kalamu mfukoni na kuandika juu kabisa: YAH: KUJIELEZA. Mstari wa pili ulianza na “Mimi,” likafuata jina lake, si la binti yake. Ilikuwa saa tano na robo.

Redio akasogea, akanyoosha shingo juu ya bega lake, akasafisha koo.

— Thubutu, alisema Katibu.