Mwalimu Mwau na Sakafu ya Bahari Iliyoinuka Kitui

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Jiografia katika Chuo cha Walimu cha Ngumbuni, Kitui, Mwalimu Mwau Ndolo anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Idara imenipa heshima ya kuandika wasifu huu, nami nimejitahidi usizidi ukurasa mmoja, jambo ambalo Mwalimu Mwau mwenyewe hakuwahi kuliweza katika ripoti yoyote.

Alizaliwa Mbooni, akasomea jiolojia, na alipofika baharini kwa mara ya kwanza hakuogelea. Kilichomvutia ni tope la chini yake. Tangu hapo ameeleza kila darasa jambo lile lile: mabaki ya viumbe huoza ndani ya mashapo laini ya sakafu ya bahari na kutoa gesi, gesi ikikosa njia hujikusanya, huyapasua mashapo kwa ndani na kuyainua kama kichuguu, hatimaye kichuguu hutoboka, gesi hutoroka, na mahali pake hubaki shimo. Atakayelaza bomba juu ya tope la aina hiyo bila kulipima, husema Mwalimu, ajiandae kulifuata shimoni.

Wanafunzi kutoka Kibwezi na Matiliku, ambao wengi wao hawajaiona bahari, walihitaji ushahidi. Kwa hiyo mwaka huu alilijaza tangi la kioo la maabara, refu kama kitanda, maji ya chumvi na matabaka ya udongo mweusi na mwekundu. Chini kabisa alizika chakula cha kuoza, yaani muthokoi wa jikoni, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe.

Hapo ndipo ukame ulipomkuta. Mpishi mkuu, Bi. Kavindu, alilitaka tangi hilo la kuhifadhia maji, na hoja yake aliitoa katika chumba cha walimu, mbele ya wote: "Mwalimu, mimi napanga mitungi kwa laini asubuhi yote, na wewe maji umepatia tope. Sawa. Lakini hata muthokoi umelipatia? Na halijawahi sema asante!"

Mkuu wa Chuo, Bi. Wavinya, akaamua: tope lisipoinuka kufikia ziara ya bodi, tangi liende jikoni.

Jaribio la kwanza lilishindwa kwa sababu udongo ulikuwa na chembe kubwa mno. Gesi ilipenya kwa viputo vidogo, kama mchuzi unaochemka. Katika la pili Mwalimu aliongeza muthokoi kwa ukarimu uliopita kiasi, na ibada ya Ijumaa ikahamishiwa uwanjani. Kwa la tatu alichekecha udongo hadi ukawa laini kama unga, akasubiri.

Siku ya ziara tope lilikuwa bapa kama meza. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Musyimi, mfanyabiashara wa ng'ombe, alilitazama kwa heshima, kisha akatazama saa. Mchungaji Mutiso aliombwa afungue kikao, na kwa bahati njema Mchungaji Mutiso hana maombi mafupi. Alikuwa amemaliza kuiombea Kitui na kuingia Makueni, Mwalimu Mwau, ambaye hakuwa amefumba macho, alipopaza sauti: "Linainuka! Bwana asifiwe, linainuka!"

Bodi nzima ilijibu "Amina" kabla ya kutazama. Tabaka jekundu lilikuwa limepinda kama mgongo wa paka. Muda mfupi baadaye likapasuka, likazama, na shimo likabaki. Harufu pia ilibaki.

Mzee Musyimi alikuwa wa mwisho kutoka nje. "Haiya! Na mimi nilidhani chini ya bahari kumetulia," alisema, akiwa ameziba pua. "Hii tangi isitoke hapa. Mama Kavindu atafutiwe ingine, ya plastiki."

"Na hiyo ya plastiki," akasema Bi. Kavindu, "Mwalimu asiisogelee."

Tangi limebaki mali ya Idara, na jikoni kuna maji. Tunamshukuru Mwalimu Mwau kwa kutufundisha kusubiri kitu ambacho hakionekani. Mwalimu, nenda salama Mbooni kwa mkeo, Mama Mbinya. Afya iwe nawe, na shamba likuzalie. Tope limeanza kuvimba tena tangu jana, upande wa dirishani, na ukipita Kitui mlango wa maabara uko wazi. Madirisha pia.