Mchanga Wenye Juu na Ubavu: Kumuaga Bi. Koki Nyamai

Tarehe 30 Septemba 1988, Bi. Koki Nyamai, ambaye hapa maabara ya kupima udongo humwita Mama Mukai hata anayemzidi umri, anavua koti lake jeupe baada ya miaka ishirini na moja ya kushughulika na mchanga. Mimi Gichuru, dereva wa gari la sampuli, nimepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu nimembeba yeye na mchanga wake tangu siku zake za mwanzo. Wahandisi wangeandika vizuri zaidi, lakini wangetia hesabu.

Alianza mwaka 1967 akiwa kibarua wa kuchekecha mchanga uani, leso kichwani, vumbi hadi kwenye kope. Alipanda polepole hadi chumba cha mashine, na mwishowe akawa msimamizi wake. Humo aliweka sheria zake. Sindano za vipimo hutikisika mtu akipita na viatu vya kugonga sakafu, kwa hiyo kila aingiaye alivua viatu mlangoni na kuvaa akala, ndala za mpira wa tairi, ambazo Mama Mukai mwenyewe alizinunua soko la Kariokor akazipanga ukutani. Mkurugenzi mmoja wa makao makuu alizunguka chumba kile na suti yake na akala, kwa adabu kabisa, akaondoka nazo. Mama Mukai alimpigia simu ofisini kuzidai.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupima ugumu wa mchanga upande kwa upande. Asiyejua atauliza: kwani mchanga una upande? Unao. Mchanga ulioletwa na maji hutua chembe zikiwa zimelala, kama mbegu za maboga ukizimwaga kwenye sinia. Ukiugandamiza kutoka juu hukaza. Ukiusukuma kutoka ubavuni hulegea upesi. Ili aupime bila kuuvuruga, Mama Mukai aliugandisha kwenye friza pamoja na maji yake, akaukata kwa msumeno vipande vya mraba, akafunga kila kipande kwenye mfuko na kuandika upande wa juu, kwa wino mwekundu: JUU. Barafu iliachwa iyeyuke tu kipande kikishabanwa ndani ya mashine.

Mwaka 1974 tuliletewa mchanga kutoka mtaa wa Baba Dogo. Ukuta ulikuwa ujengwe kuzuia ukingo wa mto usije ukaporomokea shule ya chekechea iliyo chini yake. Ramani ilikwisha kuchorwa kana kwamba mchanga ule ni mgumu sawasawa pande zote, na mjenzi alingoja neno letu tu. Wiki hiyo hiyo karatasi za kumwajiri Mama Mukai kwa kudumu zilikuwa mezani kwa mkuu wetu wa wakati huo, Bwana Wanyoike, zikisubiri saini. Miaka saba ya ukibarua ilikuwa imemchosha. Kibarua huamka bila kujua kama jioni bado ana kazi, naye alikuwa na watoto wa kusomesha.

Ijumaa, friza yetu ikafa. Tulikimbia na vipande hadi mtaa wa Jericho, kwa Mbuthia mwenye bucha, ambaye friza yake ilikuwa nzima. Alikuwa na foleni ya wateja, akatuambia tuviache kwenye kaunta, atavipanga mwenyewe.

Jumatatu tulikuta kweli amevipanga. Vilikuwa vimekaa kwa mstari ulionyooka, juu ya friza, kila mfuko una tope lake. Mama Mukai alishika kichwa, Mbuthia akashangaa.

"Si umeandika juu, mama? Na mimi nikaweka juu. Ningeweka ndani, si ungesema sijui kusoma?"

Nilicheka, lakini nilicheka peke yangu.

Njiani ushauri ulikuwa mwepesi, na maabara ukawa mwingi zaidi: mchanga si upo? Ushindiliwe kwenye kopo, ugandishwe upya, ukatwe. Mashine ingetoa namba na hakuna ambaye angejua. Karatasi zake zingetiwa saini kabla ya chai ya saa nne. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Wanyoike.

"Mchanga ni ule ule, bwana mkubwa, lakini haujui tena juu yake ni wapi. Nikiupima nitakudanganya."

Bwana Wanyoike alikuwa amekwisha kumwahidi mjenzi majibu. Alifoka tukamsikia hadi uani, kisha akatutuma Baba Dogo tukachimbe upya. Karatasi za Mama Mukai alizirudisha kwenye droo, na humo zilikaa miaka miwili kabla ya kutiwa saini. Miaka ile ilimuumiza. Nilimwona akilia garini, mara moja, na hakutaka nizungumze.

Mchanga mpya ulipopimwa, ubavuni ulikuwa na nusu tu ya ugumu wake wa juu. Ramani ilichorwa upya, ukuta ukaongezwa unene na kuwekewa njia za maji. Mvua kubwa zimekuja zikaenda, ukingo umelowa hadi kububujika, na ukuta haujainama.

Leo Mwalimu Nakhumicha wa chekechea ile ameketi meza ya mbele, nakala ya maandishi haya mkononi. Tulimwalika bila kumweleza sababu, akadhani ni harambee. Hakuwahi kuambiwa kwamba ukuta wake nusura ujengwe mwembamba, wala nani aliyezuia hilo. Ukuta usioanguka hauna msimulizi. Watoto waliocheza chini yake mwaka ule wamekwisha kuota ndevu, na baadhi sasa huwaleta wadogo zao pale pale.

Mama Mukai, tutakukosa, na tutakukosa sana. Pumzika bila haraka, ufurahie nyumba na wajukuu, na maisha yakuwie mema. Nawe Mwalimu, ukifika kwenye mstari huu, mgeukie mama aliyeketi kulia kwako, umpe mkono.